Bwana Taya, Mtafuna Karanga

Anza na pua. Nyie vijana mnaochonga kando ya barabara pale Nyamwage nimewaona kwa macho yangu, mnaanza na miguu. Mnahangaika na vidole na visigino tangu asubuhi, mkifika usoni mti umekwisha, mtu wa watu mnampa uso wa ukubwa wa ndimu. Mtu wa kuchekesha hachekeshi kwa visigino, anachekesha kwa pua. Ukishapata pua, macho na mdomo vitakuja vyenyewe kuitafuta, kama ndugu wanaposikia kuna ubwabwa.

Nawaambia hivi kwa sababu pua moja niliyoichonga mie ilitaka kunitia kitanzini, mwaka ule wa vita vya Maji Maji. Na kitanzi chenyewe si cha kuhadithiwa. Nilikiona, kimefungwa vizuri, kinaning'inia kwenye mti wa boma kinanisubiri. Basi nikisema pua, nisikilizeni.

Mie ni Selemani, fundi wa tezo na patasi, sasa nimepumzika. Kwa kweli mikono ndiyo iliyopumzika kwanza ikaniacha mwenyewe nikiwa bado nataka. Siku hizi nikichonga kijiti cha kuchokolea meno naweza kujikata sikio. Shuleni kwa Mdachi niliingia kwa mlango nikatokea dirishani. Nilifika kwenye hesabu za kugawanya, mwalimu akaona bora anigawanye mie na benchi. Kwa hiyo mkikuta humu neno limekaa upande, msilisumbue, liacheni lipumzike.

Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, Fundi Mkumba, huku huku kwetu Rufiji, kijiji cha kando ya mto upande wa kuelekea baharini. Mjomba alichonga milango, vinu, bao za kuchezea na mbuzi za kukunia nazi. Hakuwa mtu wa kupiga. Yeye alikuwa anasifu, na heri angepiga. Mbuzi yangu ya kwanza niliichonga miguu ya mbele mifupi, ya nyuma mirefu. Shangazi akaikalia, akashika kifuu, akaenda nacho mpaka kwenye majivu. Mjomba akaiinua ile mbuzi, akaizungusha polepole, akasema, "Mashaallah, Selemani. Umechonga ngalawa ya nchi kavu."

Kijiji kizima kiliniita Nahodha kwa miaka.

Alinifundisha kunusa mti kabla ya kuugusa. Mkomafi, huo mkoko wenye matunda kama mpira, ukiwa mbichi unanuka tope, ukikauka vizuri unanuka kama mkate wa jana. Ukiuchonga bado una tope utapasuka siku unayomkabidhi mwenyewe, tena mbele ya wakwe. Alinifundisha pia nyuzi za mti zinakokwenda. "Mti una nywele," alikuwa anasema. "Uchane unakolala. Ukiuchana kinyume utapiga kelele kama mtoto wa kike anayesukwa."

Haya. Sasa kulikuwa na Mdachi mmoja aliyewekwa kulinda mikoko ya delta, sisi tulimwita Bwana Magogo. Alikuwa mtu mpole, mwekundu kama embe dodo upande wa jua, na kazi yake ilikuwa kuhesabu miti iliyosimama majini. Siku moja akaja uani kwa mjomba na mwanasesere wa mti ndani ya kitambaa. Alikuwa askari wa kwao, kofia ndefu, meno meupe mdomo mzima, na mgongoni ana mkono wa mti. Ukiunyanyua ule mkono, taya linashuka mpaka kifuani. Unatia njugu mdomoni, unabana mkono, ka! Ganda linavunjika. Bwana Magogo alisema kwao kila nyumba inaye, hasa wakati wa baridi na sikukuu.

Lakini huyu alikuwa amekwisha. Bwana Magogo alimlisha kungu, na kungu za pwani, kwa ganda lao gumu, hazina adabu, zikamvunja taya. Akamweka sakafuni, mchwa wakamla miguu, wakamla na pua.

"Fundi," akamwambia mjomba, "chonga mwingine."

"Bwana," mjomba akajibu bila kuacha kazi, "mie nachonga milango. Mlango haunitazami."

Kwetu mnajua ilivyo. Kuchonga kiumbe ni jambo zito, tumefundishwa chuoni kwamba Siku ya Kiyama mchongaji ataambiwa akitie roho alichokichonga. Mjomba hakutaka kusimama siku hiyo mbele ya halaiki anapuliza mti.

Lakini mie nilikuwa na shida zangu. Wakati ule Akida, mtu wa serikali aliyewekwa kutusimamia, alikuwa anatusukuma wote shambani kwa pamba ya serikali, asubuhi mpaka jua likuchome utosi, na anayechelewa anakula hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano vya Mdachi ambavyo idadi yake ndiyo jina lake. Watu wa Bwana Magogo hawakupelekwa kwenye pamba. Nikasema, "Bwana, mie nitachonga."

Mjomba akaniangalia. "Nahodha," akasema, "chombo hicho utazama nacho peke yako."

Bwana Magogo alifurahi. Akanionyesha gazeti la kwao lenye michoro ya kuchekesha. Nikaona wakubwa wao wamechorwa vichwa kama maboga na miguu kama ya korongo, mmoja tumbo limetangulia kuingia mlangoni, mwenyewe bado yuko njiani.

"Hawa hawakukasirika?" nikauliza.

"Hapana. Wengine hununua mchoro, huutundika ukutani."

Nikafikiri moyoni, wao hutundika mchoro, kwetu atatundikwa mchoraji. Lakini nilijifunza kitu hapo, na nyie kichukueni bure. Wale wachoraji hawakuongeza kila kitu. Walitafuta kitu kimoja usoni mwa mtu, wakakipa mgao wa vingine vyote. Mkikuza pua na masikio na meno na tumbo pamoja, mmechonga zimwi, na zimwi halichekeshi mtu.

Kabla ya kushika tezo nikaenda kwa Maalim Bakari, mwalimu wetu wa chuo, nipate ruhusa nisije nikachomwa pande mbili. Nilimkuta anashona kofia.

"Kinafanana na nani hicho kitu?" akaniuliza.

"Hakifanani na mtu, Maalim. Kichwa kimezidi kiwiliwili. Taya linashuka mpaka kwenye kitovu. Pua hakuna, imeliwa, itabidi niitunge."

"Kazi yake?"

"Kuvunja karanga."

Maalim akapitisha sindano, akafikiri, akapitisha tena. "Mwenyezi Mungu hajaumba kitu cha namna hiyo," akasema. "Basi hujaigiza kazi yake. Hicho ni kinu, Selemani. Kinu chenye kofia. Chonga. Lakini siku kikifanana na mja yeyote, unakitia motoni kwa mkono wako, na mie niwepo."

Nikambusu mkono nikatoka mbio.

Wa kwanza nilimharibu. Taya nililikata nyuzi zikiwa zimelala kwa upana, karanga ya kwanza tu likakatika kama muhogo mkavu. Taya, wanangu, nyuzi ziende kutoka shingoni kuja kidevuni, kama maji ya mto. Wa pili taya lilikuwa zuri, lakini nililibana sana kwenye tundu lake, na mvua ikanyesha, mti ukavimba, askari wangu akafunga mdomo kama mtu anayedaiwa. Ndipo nikajua mti wa huku deltani lazima uuachie nafasi ya kupumua, unyevu ukija uwe na pa kukaa. Wa tatu ndiye aliyesimama.

Rangi nilizitafuta mwenyewe, maana wakati huo makopo ya dukani hatukuyajua. Nyeupe ya meno ni chokaa. Nyeusi ya masharubu ni masizi ya chungu. Nyekundu ya koti ni gome la mkandaa, lile wanalotengenezea ngozi, unalichemsha mpaka maji yawe kama chai iliyosahauliwa. Buluu ya suruali niliipata kwa dobi wa Bwana Magogo, nili ya kufulia. Zote unazikoroga na ute wa yai, usije ukatia kiini, nilitia kiini nikapata askari mwenye homa ya manjano. Kabla ya rangi ulipitishe jani la msasa juu ya mti mpaka shavu liteleze kama la mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Ikabaki pua. Nilikaa na kile kipande cha mti, nikafumba macho, nikaacha mkono uende. Ulikwenda wenyewe. Ikatoka pua ndefu, imening'inia mbele, matundu mawili makubwa kama mashimo ya kaa. Nikaicheka sana. Nikajisemea, pua hii Mungu hajaiumba, Maalim atafurahi.

Siku ya Ijumaa baada ya sala nikampeleka barazani pa msikiti, wazee wote wapo, ili Maalim athibitishe. Nikamfunua. Wazee wakanyoosha shingo. Maalim Bakari akamtazama, akasogea, akamtazama kutoka chini, akafungua mdomo aseme kitu.

Wakati huo huo Akida akaja juu ya punda wake kuuliza kwa nini watu hawajarudi shambani.

Wanangu, yule bwana alikuwa mtu wa mbali, aliletwa na serikali atutawale, na sijawahi kumtazama uso kwa uso hata siku moja. Mie nilikuwa nimeinama kwenye pamba, yeye juu ya punda. Nilikuwa namwona kutoka chini tu, kila siku ya Mungu, na mtu ukimtazama kutoka chini ni taya na matundu ya pua, basi. Kichwa changu hakikujua. Mkono ulijua.

Wazee wakamtazama Akida. Wakatazama kinu. Wakamtazama tena Akida. Mzee mmoja akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho, akajifunika kanzu usoni, mabega yanacheza.

"Hiki nini?" akauliza Akida.

"Kinu, Akida," akasema Maalim.

"Kinu kina masharubu?"

"Ndivyo vinavyochongwa siku hizi."

Akida akashuka kwenye punda. Alikisogelea pua kwa pua, na hapo hata waliokuwa wamejizuia walishindwa. Baraza zima likaangua. Maalim mwenyewe alikimbilia ndani ya msikiti, akasema anakwenda kuangalia mikeka.

Akida alishika hatamu. Alipanda punda akaondoka, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Mie nikataka kumtia moto yule mtu wa mti palepale kama nilivyoagizwa, ila dobi wa Bwana Magogo alikuwa amekwishamchukua ampelekee mwenyewe. Tangu siku hiyo jina likaenea, Bwana Taya. Akida akipita, sauti inatoka nyuma ya makuti, "Ka! Ka!" Akigeuka, hakuna mtu, ni kuku tu.

Halafu vita vikaja. Ngarambe kulikuwa na mganga anagawa maji, watu wanatoka huku na huko wanakwenda wamefunga mtama na dawa shingoni, wanasema risasi ya Mdachi itageuka maji. Pamba iking'olewa usiku mmoja shamba linabaki kama kichwa kilichonyolewa. Mie sikwenda Ngarambe. Naliogopa risasi, na maji ya baridi vilevile naliyaogopa. Bwana Magogo akapanda mashua akaenda zake Dar es Salaam, na Akida akakimbilia boma. Alipita nyumbani kwa Bwana Magogo akambeba Bwana Taya kwapani. Akafika kwa wakubwa akasema, hii ndiyo dawa yenyewe ya vita, inafungua mdomo inaita watu, na aliyeifanya ni Selemani.

Wakaja kunichukua. Aliyewaongoza ni Ombasha Maganga, yaani koplo wa askari wa Mdachi, Mnyamwezi, mtu wa mwili kama gunia mbili za chumvi. Mke wangu, Mwanaidi, hakulia mbele yao. Alinifungia karanga kwenye pindo la kitambaa, na maganda yake, akanitia mkononi. "Mtu haendi safari mikono mitupu," akasema. Halafu akageuka upesi.

Sasa nyie mnajua Wanyamwezi na sisi watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe na humfanyi kitu, na chako ni chake. Hatujamaliza kupita shamba la kwanza la mpunga, Ombasha akanyoosha mkono.

"Mtani, hicho ulichofumbata nini?"

"Karanga za mke wangu."

"Mali ya mtani haina mwenyewe. Lete." Akazichukua zote, akazitia kwenye mfuko wa koti, akaanza kuvunja kwa meno. "Usihuzunike. Watu wanaofikishwa bomani kwa mashtaka kama yako wananing'inizwa kabla ya chakula cha mchana. Karanga zingebaki."

"Ombasha, mie sijapigana na mtu!"

"Najua. Nakuona mikono. Lakini wewe usijali mazishi, mie ni mtani wako, nitafanya haki zote. Nitavaa kanzu yako, nitaiga mwendo wako kama bata, wafiwa watacheka mpaka wakusahau."

"Heri ungenifungua kamba."

"Hilo sasa siyo utani," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Hilo litanining'iniza mimi."

Tukafika. Chini ya mti wa boma tulipangwa msitari. Mbele yangu walikuwako, sitawaeleza habari zao. Nyuma yangu alisimama mzee mmoja wa Mahege, mkulima, jina lake Mzee Ngwele, shingoni ana kibuyu kidogo. Mezani alikaa Mdachi mgeni, bwana wa vita, uso umemchoka kwa homa. Pembeni yake Akida. Na juu ya meza Bwana Taya, anatazama watu wote kwa dharau. Nikawatazama yeye na Akida waliokaa bega kwa bega, nikasema moyoni, Selemani, kazi hii umeipatia mno.

"Wewe fanya dawa hii?" akauliza Mdachi, kwa Kiswahili cha kambini.

"Bwana, si dawa. Ni chombo cha kwenu. Cha kuvunja karanga."

Akamgeuza huku na huku. Hakumtambua, wanangu! Nilikuwa nimemchonga kwa namna yangu, kofia imekaa kama tarbushi, masharubu ya masizi, nyekundu ya mkandaa. Mtoto wao alikuwa amekwisha kuwa mtoto wetu.

"Onyesha," akasema.

"Naomba karanga, Bwana."

Hakuna aliyekuwa nayo. Nikamtazama Ombasha Maganga. Amesimama wima, bunduki begani, macho mbali, kama mtu ambaye hajawahi kusikia habari ya karanga tangu azaliwe. Askari hatakiwi kutafuna zamuni.

"Mtani," nikamwambia, "hata moja."

Jasho likamshuka. Halafu, taratibu, mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na karanga tatu na maganda mengi sana. Mdachi aliyaona yale maganda. Ombasha akasema, "Ushahidi, Bwana. Nilikuwa nautunza."

Nikatia karanga mdomoni mwa Bwana Taya, nikanyanyua mkono. Hausogei. Wiki nzima mvua ilikuwa inanyesha na yule mtu alikuwa amekaa kwenye chumba cha boma kinachovuja. Mti umevimba. Nikavuta, kimya. Akida akacheka kwa pua yake ile, akasema, "Unaona, Bwana? Anamwita shetani, shetani hataki."

Nikahisi shingo inawasha. Nikasema, "Mtani, mafuta ya bunduki."

Ombasha akamwangalia Mdachi, Mdachi akatikisa kichwa kukubali, labda kwa uchovu tu. Nikatia tone moja kwenye kiungo, nikapuliza, nikabembeleza kule nyuzi zinakolala, kama alivyonifundisha mjomba, sivuti tena, nambembeleza kama mtoto anayekataa ziwa. Kidogo. Kidogo tena. Halafu, ka!

Karanga ikamwagika mezani, safi, ganda huku kokwa huku.

Yule Mdachi akanyanyuka nusu. Akachukua karanga ya pili, akaiweka mwenyewe. Ka! Akakaa kitako taratibu, akasema neno moja la kwao, kwa sauti ya mtu aliyesikia harufu ya jikoni kwa mama yake. Akavunja ya tatu. Ndipo akamtazama Bwana Taya usoni kwa makini, pua, taya. Macho yakamhama yenyewe yakaenda kwa Akida. Yakarudi. Mdomo ukaanza kumcheza.

Akida akaona. "Bwana, ananitukana!" akasema. "Si dawa, sawa, lakini amenichonga mimi, anidhihaki mbele ya raia!"

"Wewe?" akauliza Mdachi. "Hii, uso wako?"

Askari wote wakageuza vichwa. Akida akamtazama Bwana Taya, ile pua na yale mashimo ya kaa, akaona maneno yake yanapompeleka. Akisema ndiyo, amekubali mbele ya askari wote kwamba yeye ni huyo.

"Hapana!" akasema kwa hasira. "Hakifanani na mimi hata kidogo. Hakifanani na mtu yeyote!"

"Basi hakuna shauri," akasema Mdachi, akajifunika mdomo kwa leso, akakohoa sana. Homa, bila shaka.

Nikageuka niende zangu. Lakini Akida, kwa aibu, akamgeukia aliyefuata. Akamshika Mzee Ngwele kibuyu. "Huyu je? Haya ni maji ya Ngarambe!"

"Dawa ya kikohozi," akasema mzee.

"Basi kunywa," akasema Mdachi.

Mzee Ngwele akazibua, akanywa yote mpaka akageuza kibuyu juu chini, akapangusa midomo.

"Anakunywa kwa sababu ndiyo dawa yenyewe!" Akida akapiga kelele. Na Mdachi, ambaye alikuwa anataka tu kurudi kwenye karanga zake, akaanza kunyanyua mkono kuonyesha mtini, hivi, kama mtu anayefukuza nzi. Halafu akakumbuka jambo, akanigeukia mie kwanza.

"Wewe. Kaa hapa. Chonga moja, uso wangu mimi."

"Nitachonga, Bwana," nikasema, na ulimi ukaendelea wenyewe, "lakini kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja achonge, mmoja ashike mti."

"Uongo!" akasema Akida.

"Nani?" akauliza Mdachi.

Nikageuka. Msitari ulikuwa mrefu. Kidole changu kikaenda kwa Mzee Ngwele. Kidole kimoja, wanangu, kinaonyesha mtu mmoja. Nimeyacheka mengi maishani mwangu, lakini wale waliobaki kwenye msitari sijawapatia kicheko, na sitafuti tena.

Tukawekwa kwenye banda nyuma ya jiko la askari. Hapo ndipo nilipojifunza ufundi mgumu kuliko wote, yaani kutomaliza kazi. Niliona wazi kwamba siku sanamu ya Mdachi ikikamilika, mie na mzee ama tunapelekwa upagazi wa vita, ama Akida anapata nafasi yake. Basi nikachonga polepole kuliko fundi yeyote aliyepata kushika tezo. Sikio moja lilinichukua mvua za vuli zote. Mdachi akija, nampa hatua moja mbele, akiondoka narudi mbili. Taya nililikata nyuzi kwa upana makusudi, likavunjika mbele yake, tukasikitika pamoja.

Na Mzee Ngwele, Mungu amrehemu, alikuwa mshika mti mbaya kuliko wote duniani. Alimshika yule Mdachi wa mti kichwa chini miguu juu, akamwangusha kwenye uji, akamkalia. Siku moja nilitoka kuteka maji nikamkuta amemtia chini ya mguu wa kitanda kisiyumbe.

"Mzee, huyo ni Bwana Mkubwa!"

"Ndiyo maana kitanda kimetulia," akasema.

Kila alichoharibu kilituongezea wiki za kuishi. Sijawahi kuwa na msaidizi bora.

Mwishowe vita vilikwisha. Njaa ilikuwa imeshika nchi, bwana wa vita akahamishwa, akaondoka na uso wake wa mti haujapakwa rangi. Sisi tukaambiwa tokeni. Ombasha Maganga alitusindikiza mpaka nje ya boma, akanidai kanzu yangu, maana nilikuwa nimemnyima mazishi aliyokwisha kuyafanyia mazoezi. Nikampa.

Tulipofika njia panda, mie niende kwetu mtoni, Mzee Ngwele ashike njia ya Mahege, akanishika mkono hakuuachia.

"Mwanangu," akasema, "nikuambie kitu sasa, hakuna askari. Yale maji kwenye kibuyu."

"Ya kikohozi."

"Ya Ngarambe. Yenyewe. Nilikwenda kuyachukua kwa miguu yangu."

"Na ukayanywa mbele ya Mdachi?"

"Yote. Na unaona? Risasi haikunigusa, kamba haikunigusa. Yamefanya kazi."

"Mzee Ngwele! Yamefanya kazi wapi? Aliyekutoa ni mie! Kidole hiki hapa ndicho kilichokutoa!"

Akanitazama kwa huruma, kama mnavyonitazama nyie nikianza kuhadithia. "Msitari mzima ulikuwa nyuma yako," akasema. "Mie nimemeza tu, hata sijapangusa midomo vizuri, kidole chako kikaja moja kwa moja kwangu. Wewe unadhani kilikuja chenyewe?"

Akaniachia mkono akaondoka kwa njia yake ya Mahege, mgongo umenyooka, kifua safi kabisa, hakohoi hata kidogo.